Maji Yananukia Udongo: Je, Yana Madhara?

Kijana mwenzangu, umewahi kuchota maji meupe kabisa, hayana hata takataka, lakini ukiyanywa unasikia ladha ya udongo? Iwe Mtwara mjini, Mikindani au vijiji vya kando ya mto Ruvuma, wapo wanaoyamwaga na kukimbilia kisima kingine. Ngoja kwanza!

Harufu inatoka wapi?
Inatoka kwa bakteria wanaoishi kwenye udongo, tope na maji yaliyotuama. Wanatoa kemikali iitwayo geosmini. Ndiyo hiyo inayonukia mvua za kwanza zinapopiga ardhi kavu, na ndiyo inayomfanya kambale anuke tope. Pua zetu ni kali mno kwa kitu hiki: gramu moja tu ndani ya lita milioni 100 za maji, wengi watakisikia.

Ni sumu?
Hapana, kwa kiasi hicho haidhuru. Hatari iko kwingine. Vijidudu vya kipindupindu havina harufu wala ladha. Ukiacha maji ya bomba yaliyotibiwa, ukanywa ya kisima cha wazi eti ni matamu, umeruka majivu, umekanyaga moto.

Ozoni inasaidiaje?
Klorini huua vijidudu vingi, lakini geosmini huishinda. Ozoni huiweza. Ni ile ile mnayoisoma kwenye jiografia: oksijeni yenye atomi tatu badala ya mbili. Atomi ya ziada haitulii, hurukia kemikali nyingine na kuivunja. Mtambo hupitisha umeme mkali kwenye hewa kavu, kisha ozoni inapulizwa majini kama mapovu. Jiji la Nice, Ufaransa, lilianza kusafisha maji yake hivyo mwaka 1906.

Lakini ozoni haikai. Baada ya muda mfupi hugeuka oksijeni ya kawaida, hivyo klorini kidogo bado inahitajika kulinda maji njiani kwenye mabomba. Halafu sisi wa pwani tuna jambo letu: maji ya bahari yakiingia kisimani huleta bromidi, na ozoni huigeuza kuwa bromati, inayoshukiwa kuleta saratani. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 kwa lita. Kwa hiyo maji hupimwa kwanza.

Na nyumbani je?
Usijaribu kutengeneza ozoni. Ukiivuta huumiza mapafu. Fanya hivi:
- Chemsha maji mpaka yatokote kabisa, au tumia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa.
- Yahifadhi kwenye chombo safi chenye mfuniko. Usitumbukize mkono.
- Ladha ikikukera, kamulia ndimu wakati wa kunywa. Asidi yake huvunja geosmini, ndiyo maana mama huitia kwa kambale. Ila ndimu haichukui nafasi ya kuchemsha!

Maji yakinuka kinyesi au mafuta, hiyo si geosmini. Usinywe, toa taarifa mamlaka ya maji au kamati ya maji ya kijiji mara moja.