NILIUZA FRIZA KULIPA ADA YA BINTI: Usirudie kosa langu kwenye mkopo wa chuo



Leo siongelei picha nzuri za bidhaa wala mteja wa "bei gani?" asiyenunua. Naongelea kitu kinachomaliza mitaji yetu kimyakimya: ada ya chuo.

Mimi nauza samaki na uduvi hapa Bagamoyo. Asubuhi nipo soko la samaki ufukweni, saa nne picha ziko status, mchana oda zinapanda daladala ya Makumbusho kwenda kwa wateja wa Bunju, Tegeta na Mwenge.

Binti yangu alipofaulu kidato cha sita nilipiga vigelegele, halafu nikalala. Dirisha la Bodi ya Mikopo (HESLB) likafunguliwa, mimi kila siku "kesho". Wiki ya mwisho nikampa kijana wa steshenari 50,000 atujazie kila kitu. Kumbe jina kwenye cheti cha kuzaliwa limeandikwa tofauti na la shuleni, na cheti chenyewe hakijahakikiwa. Dirisha likafungwa fomu ikiwa nusu.

Nikauza friza, nikalipa ada. Sasa muuza samaki bila friza ni nani? Kisichoisha leo, kesho hasara. Wateja wangu wa jumla wakahamia kwa wengine, na sikuwalaumu.

Mwaka uliofuata tukaomba upya, maana hata anayeendelea na masomo anaweza kuomba. Tulifanya wenyewe, kwa simu hii hii ya biashara. Akapata. Haya ndiyo niliyojifunza:

1. Anza na cheti, usingoje dirisha. Dirisha hufunguliwa katikati ya mwaka, Juni au Julai hivi. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, na maombi ya uhakiki yanafanyika mtandaoni. Kama mzazi mmoja amefariki, cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Linganisha majina herufi kwa herufi na vyeti vya shule. Kurekebisha jina ni kazi ya siku nyingi, siyo ya saa mbili.

2. Namba ya mtihani iwe moja. Namba ya kidato cha nne aliyoombea chuo ndiyo hiyo hiyo aombee mkopo. Ikitofautiana, mfumo hauwezi kujua kuwa ni mtu mmoja.

3. Jazeni wenyewe, lipeni wenyewe. Ada ya maombi ni 30,000, unalipa kwa simu kwa kumbukumbu namba inayotoka kwenye mfumo. Fomu inachapwa, inasainiwa na mwombaji, mdhamini, serikali ya mtaa, na hakimu au wakili, kisha inapandishwa tena. Steshenari mlipe ya kuchapa na kuskani, basi. Nywila abaki nayo mtoto. Anayesema "nina mtu ndani" ni kishoka, mkimbie kama mteja anayetuma meseji feki ya malipo.

4. Usifiche biashara yako. Wengi wanaogopa: "Nikiandika nafanya biashara atanyimwa." Andika ukweli. Kutoa taarifa za uongo ni kosa. Kama kaya iko TASAF, au mtoto ni yatima au ana ulemavu, weka uthibitisho wake. Bodi haioni hali yako, inaona karatasi zako.

5. Weka akiba ya wiki za mwanzo. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 fedha ya chakula na malazi ni 10,000 kwa siku, zamani 8,500. Lakini bumu halitoki siku anayoripoti. Lazima asajiliwe chuoni na asaini kwanza. Tena siyo kila mtu anapata asilimia mia ya ada. Mimi kila oda nilikuwa natoa 1,000 naiweka laini nyingine, siigusi. Hiyo ndiyo iliyomlisha mwanzoni, mtaji ukabaki salama.

6. Ni deni, mwambie mtoto mapema. Akiajiriwa atakatwa 15% ya mshahara. Akijiajiri kama sisi, kiwango cha chini ni 100,000 kwa mwezi. Nafuu ni kwamba ile tozo ya 6% ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021.

Friza nimeshanunua nyingine, ya mtumba. Inapiga kelele kama trekta lakini inagandisha. Ningejali karatasi mapema, ile ya kwanza ningekuwa nayo mpaka leo.

Kazi ya leo: ukimaliza kupakia oda, toa cheti cha mtoto kabatini, usome jina lake herufi kwa herufi.

Una mtoto kidato cha sita? Umeshahakiki cheti, au bado "kesho"? Tuambie hapo chini, na mtumie mfanyabiashara mwenzako.