Shukrani Imfikie Mtu kwa Lugha Yake

Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Amma baada.

Ndugu msomaji, wiki hii tuzungumzie neno tunalolitamka kila siku hata tukausahau uzito wake, nalo ni "ahsante". Na tulizungumzie kwa kuutazama mji wa Nyeri, ulio kiasi cha kilomita 150 kaskazini mwa Nairobi, baina ya Mlima Kenya na safu ya Nyandarua. Huko jamaa zetu wengi wa pwani wameishi, wameoa, wamezaa na wamezikwa, na huko ndiko linakoonekana wazi jambo ambalo sasa limeingia katika nyumba zetu zote.

Mji wa Nyeri ulianza mwaka 1902 kama ngome ya serikali ya kikoloni. Pamoja na maofisa walikuja askari, wapagazi, wapishi na wachuuzi, na miongoni mwao walikuwamo Waislamu waliokizungumza Kiswahili. Mitaa ya namna hiyo katika miji ya bara ikaitwa Majengo, na jina hilo utalikuta Nyeri, Nanyuki na Meru hadi leo. Wageni wakawa wenyeji. Walioa kwa Wagikuyu na Wameru, na wenyeji nao wakasilimu. Ndiyo maana leo kuna Mwislamu wa Nyeri ambaye bibi yake mmoja alizaliwa Mombasa na wa pili kijijini upande wa Karatina.

Katika nyumba kama hiyo simu moja hubeba lugha nne kwa siku moja. Asubuhi mama humjibu wifi yake wa Mombasa kwa Kiswahili. Mchana huzungumza na mama yake mzazi kwa Kigikuyu. Jioni shule huleta taarifa ya karo kwa Kiingereza, na usiku ustadhi wa madrasa hutuma dua kwa Kiarabu. Watoto huzichanganya zote, kisha wakatia na Sheng. Hii ni neema, na wala si ndogo. Katika Suratul-Rum Mwenyezi Mungu ametaja kutofautiana kwa lugha zetu miongoni mwa ishara Zake, pamoja na kuumbwa kwa mbingu na ardhi. Lakini kila neema ina haki yake, na katika neema hii iko haki moja tunayoipoteza.

Mzigo wa viazi

Nitatoa mfano wa nyumba ambazo nimezijua kadhaa. Binti wa Kigikuyu amesilimu, ameolewa Mombasa, na mama yake amebaki kijijini katika dini yake. Kila Ramadhani inapokaribia, mama huyo hupakia basi gunia la viazi, maharage na majani ya chai, ili wajukuu wake wapate cha kufuturia. Yeye hafungi, lakini mwezi anaujua na ameuhesabu. Mzigo ukifika, mtu huupiga picha na kuituma katika kundi la familia la WhatsApp. Majibu humiminika: alama ya kidole gumba, maua, "JZK", "shukran jazilan", "thanks cũcũ". Mkwe naye hutuma pesa kidogo kwa M-PESA.

Siku ya tatu bibi humpigia simu binti yake na kumwuliza: je, ule mzigo ulifika?

Tusistaajabu. Ujumbe wa M-PESA humweleza aliyepokea kiasi, tarehe, saa na salio. Haumwelezi kwa nini ametumiwa, wala kwamba viazi vilikuwa vitamu. Herufi tatu za "JZK" hazijui, kwa sababu Kiarabu si lugha yake. Kidole gumba amekiona, lakini ni kilekile kilichowekwa jana chini ya tangazo la mkutano. Shukrani ilitoka kwa watu kumi na wawili na haikumfikia mmoja aliyestahiki. Na wale kumi na wawili wamelala wakiamini kwamba wameshukuru.

Haki ya aliyetenda wema

Wanazuoni wetu wamefundisha kwamba shukrani ina mahali patatu: moyoni kwa kuitambua neema, ulimini kwa kuitamka, na katika viungo kwa kuitumia vyema. Mtume (S.A.W.), katika hadithi waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, amefunga kuwashukuru watu na kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa fundo moja: asiyewashukuru watu hawi mwenye kumshukuru Mola wake. Na katika Suratu Luqman shukrani kwa wazazi imewekwa ubavuni mwa shukrani kwa Mwenyezi Mungu. Aya inayofuata inamkataza mtoto kuwatii wazazi wanaomtaka amshirikishe Mola wake, lakini papo hapo inamwamrisha akae nao duniani kwa wema.

Hapa pana funzo kubwa kwa nyumba zilizochanganya dini. Bi Asma bint Abu Bakr (R.A.) alijiwa na mama yake, naye mama alikuwa bado mshirikina. Asma akamwuliza Mtume kama amuunge. Akaamrishwa amuunge mama yake. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Basi bibi wa Karatina ana haki yake kamili. Ukimya wetu unaweza kumfanya adhani kwamba binti yake alipoingia katika Uislamu alitoka katika ukoo, na dhana hiyo ikishaingia moyoni hapana mzigo utakaoiondoa.

Maneno matatu, maana jirani

Tuyatazame maneno yenyewe. "Ahsante" yetu imetokana na neno la Kiarabu "ahsanta", yaani umefanya vyema. Sisi tumelifanya la kila mtu, kisha tukaliongeza "ahsanteni" kwa walio wengi. Mgikuyu naye husema "nĩ wega", yaani ni vyema, na analo neno "ngaatho" kwa maana ya shukrani. Basi Mswahili na Mgikuyu, kila mmoja kwa njia yake, humwambia mtenda wema kwamba alichokitenda ni kizuri. "Jazakallahu kheri" ina mlango mwingine, nayo ni dua: anayeisema anakiri kwamba hawezi kulipa, anamwomba Mola alipe. Kwa mwanamume ni "jazaka", kwa mwanamke "jazaki", kwa wengi "jazakum". Kila neno katika hayo lina utamu wake, na kila moja humfaa zaidi yule anayelisikia na kulielewa.

Huenda mzazi akasema: mwanangu bado hajakimudu Kiswahili sanifu wala Kiarabu cha kusomea Qur'ani, nimwongezee Kigikuyu? Jibu limo katika sira. Mtume (S.A.W.) alimwamrisha kijana Zaid bin Thabit (R.A.) ajifunze maandishi ya Mayahudi ili barua zao zisomwe na zijibiwe bila ya kumtegemea mtu wa kati. Zaid akajifunza kwa muda mfupi, na hakusahau Kiarabu chake. Yeye ndiye aliyekuja kukabidhiwa kazi ya kuikusanya Qur'ani.

Wazee wetu nao walilijua hilo. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, alipotoa gazeti lake la Al-Islah Mombasa mwaka 1932, alilitoa kwa Kiswahili na Kiarabu, ili nasaha imfikie msomi na imfikie mtu wa sokoni. Na huko huko chini ya mlima, Karatina, Gakaara wa Wanjau, aliyefungwa na Waingereza wakati wa dharura ya Mau Mau, alishika kazi ya kuandika na kuchapisha vitabu kwa Kigikuyu, na mwaka 1984 akatunukiwa tuzo ya Noma kwa kumbukumbu zake za kizuizini. Hawa wawili hawakuwa wa dini moja wala wa kabila moja, lakini kila mmoja aliwaheshimu watu wake kwa kusema nao katika lugha waliyoilewa.

La kufanya nyumbani

Kwanza, mzigo au pesa ikifika, apigiwe simu mtumaji mwenyewe. Kundi la familia ni baraza, na shukrani ya barazani haitoshi pale mtu anapodaiwa ya ana kwa ana.

Pili, watoto wafundishwe sentensi moja kwa lugha ya kila bibi. "Nĩ wega mũno, cũcũ" hujifunzwa kabla ya chai kupoa. Wasihofu alama za juu ya ĩ na ũ. Kigikuyu kina irabu saba na simu nyingi hazikuandaliwa kwa ajili yake. Afadhali mtoto arekodi sauti yake aitume. Bibi asiyesoma ataisikia, na ataisikiliza mara nyingi.

Tatu, kitajwe kitu chenyewe. "Viazi tumevipika jana kwa futari, vikaisha" ni shukrani iliyo bora kuliko maua mia moja yaliyosambazwa kutoka simu hadi simu.

Nne, njia hii iende pande zote mbili. Vijana wa Nyeri na Nanyuki nao wanapopokea tende, kanga au halua kutoka kwa bibi wa Mombasa, wasimwandikie Kiingereza cha mkato. Waanze na "shikamoo bibi", wasubiri marahaba, kisha waseme lao kwa Kiswahili, hata kikiwa na makosa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara yake ya 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa, na papo hapo imelitwika dola jukumu la kuziendeleza lugha za wenyeji. Ikiwa dola limetwikwa hayo, familia haiwezi kudai kwamba ni mzigo mzito.

Ndugu msomaji, wengi katika mabibi hawa wamekwisha kuwa wazee. Kabla ya Ijumaa ijayo, mtazame katika simu yako ni nani aliyekutendea wema mwezi huu ukamjibu kwa picha. Mpigie, na useme naye kwa lugha aliyolelewa nayo na mama yake.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa waja Wake wenye kushukuru, ambao Yeye mwenyewe ametuambia kwamba ni wachache. Wabillahi tawfiq.