Hesabu Kuta za Gego

Unakula wali, gego linakutana na kijiwe. Ka! Linauma kidogo, kisha kimya. Siku ya tatu unatafuna nyama: ukibana meno hakuna neno, ukiachia tu, maumivu yanachoma kama sindano na kutoweka. Maumivu hayo ya kuachia humfanya daktari wa meno ashuku ufa. Vipande vilivyotanuka vinarudiana ghafla, umajimaji ulio katika vijitundu vya dentini unasukumwa, na neva inapiga kelele.

Eksirei mara nyingi haiuoni ufa huo. Basi daktari anakupa kijiti ung'ate, nundu moja ya jino baada ya nyingine, au anamulika jino kwa mwanga mkali kutoka ubavuni. Mwanga unapenya mpaka kwenye ufa, unakatika. Ng'ambo yake giza.

Je, jino livishwe kofia, yaani krauni? Wengi hudhani kila jino lililotibiwa mizizi lazima livishwe. Mimi nasema hesabu kwanza kuta za jino zilizosalia. Mwaka 1989 watafiti walipima ukakamavu wa meno yaliyokwisha kung'olewa. Kutoboa njia ya kufikia mizizi kuliupunguza kwa asilimia 5 tu. Tundu lililokata ukingo wa mbele na wa nyuma wa jino liliupunguza kwa asilimia 63. Gego la namna hiyo, hata kama haliumi, lisisubirishwe.

Patasi ya seremala huvishwa pete ya chuma mpinini ili nyundo isiupasue. Kofia nayo hulikumbatia jino hivyo hivyo. Ila pete hutaka mti wa kushika: daktari hutafuta milimita 1.5 hadi 2 za jino zima juu ya ufizi, kuzunguka pande zote.

Na kofia ina gharama nje ya pesa. Ili ikae, jino huchongwa, na enameli haina chembe hai za kuirudisha. Kwa hiyo tundu dogo lizibwe tu. Jino la mbele lililotibiwa mizizi, kuta zake zikiwa nzima, mara nyingi nalo hutosheka na kuzibwa.

Mwisho, kwa jino lenye ufa, daktari hupitisha kipimio chembamba kandokando ya ufizi. Kikizama ghafla kwa kina kirefu mahali pamoja pembamba, yamkini ufa umeshafika mzizini. Habari ya kofia huishia hapo, huombwa koleo.