Usiguse Regulata ya Mita

Wiki hii nimeulizwa tena, safari hii na mwenye nyumba wa Blacktown, Sydney: "Fundi, bomba la gesi la jiko la kuchomea nyama si liko pale uani? Hita ya bwawa iunge hapo hapo, ikizidiwa ongeza presha kidogo kwenye mita." Jibu ni hapana, kwa yote mawili.

Soma kibandiko cha kifaa. Jiko la kupikia, mafiga yote yakiwaka, hula kama megajuli 40 kwa saa. Hita kubwa ya bwawa la nyumbani hula 400. Gesi ikipita mara mbili zaidi ndani ya bomba lile lile, presha inayopotea njiani huwa karibu mara nne. Wewe unataka kupitisha mara kumi.

Nikichomeka kipimo cha presha kwenye hita iliyoungwa hivyo, ikiwa imezimwa kinasoma vizuri, juu ya kilopaskali 1.13 zinazotakiwa kwa gesi ya mtaani. Hita ikiwaka tu, presha inaporomoka. Jikoni moto unanywea, na anayeoga anapigwa na maji baridi. Ndani ya hita yenyewe moto unageuka njano, masizi yanaziba mapezi ya shaba, na kaboni monoksaidi inaanza kutoka. Gesi hiyo haina harufu wala rangi, na inaua.

Sasa hiyo dawa ya kuongeza presha, ambayo kuna mafundi wanaiuza. Regulata ya mita ni mali ya wenye mtandao wa gesi, ambao kwa Sydney ni Jemena. Wewe huruhusiwi kuigusa, na mimi pia siruhusiwi. Hata sheria isingekuwepo, isingesaidia: hita ikiwaka, bomba jembamba bado litaibana; ikizimwa, presha uliyoongeza inabaki kwa jiko na kipasha maji cha bafuni. Umetia hatarini vifaa vilivyokuwa vizima, na ugonjwa haujapona. Bomba jembamba hutibiwa kwa bomba pana. Kipenyo kikiwa mara mbili, upotevu wa presha kwa gesi ile ile hushuka kama mara 30. Ndiyo maana nachimba mtaro mpya kutoka kwenye mita, na mara nyingine mita yenyewe hubadilishwa, kwa maombi kupitia kampuni inayokuuzia gesi. Najua mtaro unauma mfukoni. Chimba, au acha hita.

Tuliokulia Dar au Mombasa tunakimbilia mtungi. Mtungi wa kilo 9 una kama megajuli 440: kwa hita hiyo ni saa moja na ushee, na kabla ya hapo utakuwa umeganda kwa baridi na kushindwa kutoa gesi. Na hita ya mtungi uliyoinunua kuukuu haiungwi kwenye gesi ya mtaani. Nozeli zake ni tofauti.

Machaguo, basi. Spa ya lita 1,500, kutoka nyuzi 18 hadi 37, inataka kama megajuli 120; hita ndogo inamaliza kwa saa moja na kitu, na hapo gesi inastahili. Bwawa la lita 40,000, kutoka 16 hadi 28, linataka kama 2,000: saa sita za hita kubwa. Kwa anayeogelea kila siku, weka mabomba ya jua juu ya paa au pampu ya joto. Vyovyote vile, nunua turubai la kufunika bwawa kwanza, maana milimita moja ya maji ikiyeyuka inaondoka na karibu nusu nyuzi. Hita ikae nje, mbali na madirisha, baada ya chujio na kabla ya mashine ya klorini. Fundi awe na leseni ya gesi ya New South Wales na akuachie cheti cha kazi. Na hita isisogezwe kwenye uzio wa bwawa: sheria inataka sentimita 90 zisizo na cha kukanyagia, kwa sababu mtoto wa miaka mitatu atapanda juu yake na kuingia majini.