Mnyama Aliyesingiziwa Apata Makimbilio

Kila mtoto aliyesomeshwa kisa cha Nabii Yusuf amjua mbwa mwitu. Nduguze Yusuf walimtia kisimani, kisha wakamrudia baba yao wakilia, wakasema kuwa mbwa mwitu amemla. Mnyama yule hakula kitu. Alitwikwa dhambi ya wanadamu. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za chotara wake, ambaye naye huadhibiwa kwa makosa yasiyokuwa yake.

Mbwa mwitu tumsemaye si yule mwenye mabaka wa mbuga za Afrika. Ni yule mkubwa, aghalabu wa rangi ya kijivu, apatikanaye sana katika nchi za baridi. Mbwa wa nyumbani ametokana na jamaa za mnyama huyo, ambao wanadamu walianza kuwafuga kiasi cha miaka 15,000 iliyopita au zaidi. Kwa ajili ya udugu huo, mbwa na mbwa mwitu wakipandana huzaa; wala mtoto wao si tasa kama baghala, bali naye huzaa.

Huko Marekani wako watu wazalishao machotara hao kwa kuuza. Mnunuzi huona kitoto chenye manyoya laini, akadhani amepata mlinzi shujaa wa nyumba yake. Hajui kwamba mbwa mwitu kwa tabia huwaogopa wageni. Hujificha, halindi mlango. Ipitapo miaka 2 au 3, damu ya mwituni hudhihiri. Huchimba chini ya ua, huruka ukuta, hurarua vitu vya nyumbani, na usiku hulia kwa sauti ndefu hata majirani wakashtaki. Si wote wawao hivyo, lakini hapana ajuaye mbele kitoto kipi kitafuata asili ipi. Ndipo mapenzi yageukapo mnyororo.

Akimuuma mtu, mashaka huzidi. Katika nchi hiyo chanjo ya kichaa cha mbwa haikuidhinishwa kwa machotara hawa. Basi hata aliyechanjwa aweza kuuawa ili ubongo wake upimwe. Kumwachia msituni nako si huruma, kwani hakufundishwa kuwinda, na hofu ya wanadamu imempungua. Nyumbani hafai, mwituni hawezi. Aende wapi?

Kwa ajili ya hao yamejengwa makimbilio. Mwaka 2011, katika jimbo la Alaska, machotara 29 waliokuwa wakifungwa minyororo mahali pa kuonyeshwa watalii waliokolewa, wakasafirishwa hadi California kwenye makimbilio ya namna hiyo. Makimbilio mengine ni Wolf Haven, karibu na mji wa Tenino katika jimbo la Washington, yaliyoanzishwa mwaka 1982 katika eneo la ekari 82. Hapo mbwa mwitu waliozaliwa mikononi mwa watu na machotara wao hupewa nyua kubwa zenye miti, na mwenzi wa kuishi naye, kwa kuwa mnyama huyu hakuumbwa kukaa peke yake. Machotara hao hawazalishwi, ili wasiongezeke wengine wa kuteseka. Wala mgeni halazimishwi kumpenda mtu. Akitaka kujificha nyuma ya miti, huachwa. Hiyo ndiyo nyumba yake: mahali asipotakiwa kuwa kitu asichokuwa.

Wasomaji wetu, tusidhani kuwa wale waliomfunga minyororo walimchukia tangu mwanzo. Wengi walimpenda, walakini walipenda sura yake, hawakuuliza haja zake. Sote twakijua kisa cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache akajitafutie. Kosa lake halikuwa kufuga paka, bali kuiteka nafsi asiyoitimizia haki yake.

Basi kijana atakaye kasuku, kima, paka au punda, na ajiulize kwanza: Atakula nini mnyama huyu? Ataishi miaka mingapi? Akikua na tabia yake ikadhihiri, nitaweza kumvumilia? Asiyeweza kujibu, na amwache. Na aliyekwisha kumchukua, na ajue kuwa amechukua amana. Tusije tukakosea sisi, kisha, kama nduguze Yusuf, tukamsingizia mnyama.