Risiva ya mtumba: ijaribuni kwa sauti ya nyumbani

Fedha ya nyumba changa ina wenyewe wawili, hata kama inatoka kwenye mshahara mmoja. Huku kwetu Kinyerezi, ambako kila mtaa una nyumba inayomaliziwa, orodha ya wapendanao inajulikana: tailizi za sebuleni, madirisha ya alumini, tanki la maji, fensi, geti. Kila mwisho wa mwezi kinafutwa kimoja, vinaongezeka viwili. Ukitaka kumjua vizuri mwenza wako, mwambie kwamba katikati ya tanki na geti ungependa kuchomeka muziki.

Wa kwangu hakununa. Alinipa masharti matatu. Isizidi laki tatu na nusu, maana zaidi ya hapo tunagusa pesa ya geti. Tukaijaribu wote wawili. Na muuzaji akubali kuandika. Nayaeleza hapa kwa sababu masharti hayo yalitufaa kuliko ushauri wote niliopewa na washikaji zangu wanaojiita wajuzi wa muziki.

RISIVA NI NINI HASA?

Ni lile boksi zito linalokaa chini ya runinga. Ndani yake kuna redio, kuna amplifaya ya kusukuma spika, na nyuma kuna msitu wa matundu ya kuchomekea king'amuzi, deki, simu na runinga. Mafundi wengi wa mtaani wanaliita amplifaya tu, wala hawakosei sana. Uzuri wake dhidi ya sabufa ya kawaida ni kwamba spika unachagua mwenyewe, na kimoja kikifa hutupi vyote.

Mpya yenye jina bei yake inatisha. Ndiyo maana wengi tunaangukia kwenye mtumba: Yamaha, Denon, Pioneer, Sony, Onkyo au Kenwood zilizotumika Uingereza, Dubai, Japani au Marekani, zikaja na kontena. Muuzaji atakwambia, "Hii imefanyiwa sevisi kabisa." Hapo usimame. Risiva iliyofufuliwa na kiwanda imefunguliwa, imepimwa, kilichochoka kimebadilishwa, na inakuja na garantii. Iliyofufuliwa mtaani inaweza kuwa imepita kwa fundi makini, au imefutwa tu kwa kitambaa chenye spiriti. Kwa nje zote zinang'aa sawa.

SOMA MGONGO KABLA YA USO

Duka la kwanza tuliloingia, njia ya Segerea, lilikuwa na risiva bomba kweli: rangi ya fedha, nobu ya sauti kubwa kama kifuniko cha chupa ya chai. Muuzaji alikuwa mchangamfu. "Kaka, hiyo laki mbili na themanini tu. Halafu kuna jamaa anakuja kuichukua saa kumi. Shem mwenyewe kaipenda, ona anavyotabasamu."

Shem akaomba igeuzwe. Nyuma kulikuwa na kibati kilichoandikwa 100 V.

Hiyo ni namba ya Japani. Umeme wetu ni volti 230 na 50 Hz. Risiva ya volti 100 ukiichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya Dar, ukiwa na bahati fyuzi itakatika, usipokuwa na bahati transfoma yake itaungua na utasikia harufu kabla ya wimbo. Ya Marekani imeandikwa 120 V, 60 Hz, nayo ina kesi ileile. Zilizotoka Uingereza au Dubai ndizo rafiki zetu, kwa sababu umeme wao unalingana na wetu na plagi yao ni hii yetu ya pini tatu za bapa.

"Si unanunua stepdauni tu, Shem," muuzaji akasema. Ni kweli, transfoma ya kupunguza umeme inawezekana. Lakini lazima iwe na uwezo unaozidi wati zilizoandikwa kwenye kibati, nayo ina bei yake, uzito wake na joto lake. Juu ya hapo, redio nyingi za zamani za Japani zinaishia 90 MHz kwenye FM. Maana yake 93.7 ya EFM na 100.5 ya Times FM utazisikia kwa jirani. Tulimshukuru, tukatoka. Jamaa wa saa kumi tulimwachia.

Kibati hichohicho kinasema pia ukweli wa nguvu. Usidanganyike na stika za mbele zinazotamba wati 1000. Kama nyuma imeandikwa kwamba boksi linakula wati 300 kutoka ukutani, haliwezi kukaa linatoa wati 1000 kwenye spika. Hakuna mashine inayotoa zaidi ya inachokula. Na usikimbilie wati nyingi. Kuongeza nguvu mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu. Ili sikio lihisi sauti imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji kama mara 10 ya nguvu. Kwa sebule ya kawaida, wati 30 za kweli zinatosha kumwamsha mwenye nyumba.

DAKIKA ISHIRINI ZA DUKANI

Duka la pili, hukuhuku Kinyerezi, lilikuwa na risiva nyeusi isiyo na mbwembwe, 230 V, ikiuzwa laki tatu na sitini. Tuliomba dakika ishirini. Muuzaji asiyeweza kukupa dakika ishirini kwa laki tatu zako, mwache na mzigo wake.

Kwanza iwashe bila muziki. Baada ya sekunde chache utasikia "tak" ndani. Hiyo ni rilei, swichi ndogo inayoziunganisha spika baada ya umeme wa ndani kutulia. Isiposikika, au ikigonga na kuzima tena, mashine inajilinda dhidi ya hitilafu. Usikubali kuambiwa itapona ikipata joto.

Pili, weka sikio karibu na spika. Kamvumo kadogo si mbaya. Mngurumo mzito unaosikika ukiwa umekaa kwenye kochi unaweza kuwa wa nyaya, lakini pia unaweza kuwa wa kapasita zilizochoka, yale makopo madogo ya ndani yanayotuliza umeme. Fundi akifungua kifuniko, angalia vichwa vya makopo hayo: viwe bapa, visiwe vimevimba wala kuvuja.

Tatu, zungusha nobu ya sauti polepole. Ikikwaruza, ni uchafu, mara nyingi unasafishika, lakini ni sababu nzuri ya kuomba punguzo. Nne, jaribu kila tundu mtakalolitumia, bonyeza kila kitufe cha rimoti, kisha iache ipige mfululizo huku mkiongea bei. Joto hufichua mengi ambayo dakika mbili zinaficha.

Tano, pigeni nyimbo mnazozijua. Sisi tulibeba dansi ya enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, bongo fleva, na taarabu kidogo. Dansi ya zamani inakuonyesha kama gitaa la besi linasikika nota kwa nota au linabubujika tu. Sauti ya mtangazaji wa habari nayo ni kipimo kizuri: ukikaa katikati ya spika mbili, isikike kama anaongea kutoka katikati. Ikiwa inaelea na besi imekonda, huenda waya wa spika moja umegeuzwa, nyekundu kwenye nyeusi. Geuza kabla hujailaumu risiva.

Ilifaulu yote. Tukaafikiana laki tatu na ishirini. Kabla ya kutoa pesa, mwenzangu akatoa kalamu. Risiti ya EFD inathibitisha kwamba umelipa; haisemi nini kitatokea mashine ikikorofisha. Kwa hiyo tuliandika pembeni: aina na namba ya mashine, tarehe, na kwamba ndani ya siku 14 tatizo lolote la sauti litarekebishwa bure au pesa irudi. Muuzaji alicheka, akasaini.

KILICHOJITOKEZA USIKU

Siku mbili ilikuwa raha mustarehe. Usiku wa tatu, saa tano, tulikuwa tumepunguza sauti tukiongea mambo yetu. Mwenzangu akanyamaza ghafla. "Hii ya kulia mbona haipo?"

Nikaongeza sauti, spika ya kulia ikarudi. Nikapunguza, baada ya muda ikapotea tena. Tukabadilishana nyaya za spika kule nyuma, na sasa ikawa ya kushoto inayopotea. Maana yake spika ni nzima na waya ni mzima. Tatizo lilikuwa ndani ya boksi. Kumbuka njia hiyo, haihitaji fundi wala kifaa.

Chanzo kilikuwa ileile rilei inayogonga "tak". Vigusio vyake vya ndani huchakaa na kufanya weusi kwa miaka. Muziki ukiwa mkubwa, umeme unalazimisha kupita kwenye uchafu huo. Ukiwa mdogo, hauna ubavu. Ndiyo sababu dukani, ambako kila kitu hupigwa kwa kelele, mashine ya namna hii inafaulu kila mtihani.

Hapo ndipo penye funzo lote la makala haya. Duka hujaribu kwa sauti ya duka, lakini nyumba huishi kwa sauti ya nyumbani. Watu wawili waliochoka na foleni ya Tabata hawasikilizi muziki wa harusi. Wanasikiliza sauti inayowaacha waongee. Basi ijaribuni kwa sauti hiyo, dakika tano kwa tano, spika moja baada ya nyingine, kabla ya kulipa. Na nendeni wawili, kwa sababu mmoja anapovutiwa na taa za mbele, mwingine bado anasikiliza.

Tuliirudisha. "Lakini hapa ilipiga vizuri, kaka," muuzaji alisema. Hatukubishana. Mwenzangu alifungua karatasi, akaiweka mezani. Fundi wa duka akabadilisha rilei zote mbili, na safari hii tukaisikiliza kwa sauti ya chini hadi wateja wengine wakatushangaa. Hatukuongeza hata mia. Bila ile karatasi, matengenezo yangetoka kwenye pesa ya geti, na mazungumzo ya usiku ule yangekuwa mengine.

KUIFUNGA NA KUISHI NAYO

Risiva ya mtumba inaweza kuwa imetengenezwa kabla runinga yenu haijabuniwa, kwa hiyo msiipitishie kila kitu. Tundu la HDMI la zamani linaweza lisipitishe picha ya 4K. Chomekeni king'amuzi moja kwa moja kwenye runinga, kisha toeni sauti tu kutoka kwenye runinga kwenda kwenye risiva. Kama zote mbili zimeandikwa ARC, njia iliyokuja na HDMI 1.4 mwaka 2009, waya mmoja wa HDMI unatosha. La sivyo tumieni waya wa mwanga, ule mwembamba wenye ncha inayowaka taa nyekundu. Kama haina Bluetooth, waya wa simu wenye vichwa vyekundu na vyeupe unamaliza kazi.

Kuhusu umeme, kuwa jirani na mitambo ya gesi ya Kinyerezi hakukuzuii kukatikiwa. Hatari kubwa ni pale unaporudi kwa kishindo. Wekeni kilinda umeme kama kile cha friji, na zimeni ukutani mkiondoka. LUKU nayo isikutishe: tuseme risiva inakula wati 60 kwa saa tano kila siku, ni uniti 9 kwa siku 30. Iacheni ipumue pia. Ikifunikwa na kitambaa cha shoo, kwa joto la Dar, hizo kapasita zinazeeka haraka.

Sebule yenye tailizi tupu itafanya hata mashine nzuri isikike kama iko bafuni. Zulia na pazia zito husaidia kuliko kuongeza wati. Spika zisibanwe kwenye kona, kwa sababu kona hukuza besi. Na besi ndiyo inayogombanisha majirani: wimbi la 50 Hz lina urefu wa karibu mita 7, ukuta wa tofali haulizuii sana. Tokeni nje usiku mmoja, simameni upande wa jirani, msikie anachosikia yeye.

KABLA PESA HAIJATOKA MFUKONI

• Kubalianeni kiwango cha juu mkiwa nyumbani, si mbele ya muuzaji.
• Kibati cha nyuma kisome 220 hadi 240 V, 50 Hz.
• Sikilizeni "tak", kisha ukimya, kisha muziki.
• Iachwe ipate joto, kisha mrudie kwa sauti ya chini, spika moja moja.
• Namba ya mashine na siku za garantii ziandikwe na kusainiwa.
• Akiwahimiza kwamba kuna jamaa anakuja saa kumi, mwacheni jamaa aje.

Mkishaipata yenu, wekeni wimbo mnaoupenda wote, punguzeni hadi muweze kuongea bila kupaza, na mkae kimya kidogo. Kama kuna kitu kinapotea, kulia au kushoto, mtakisikia hapo.