Sahihi ya Shingo Upande

Paukwa! Pakawa!

Leo, watoto, twende Juba, Sudan Kusini, mtaa wa Hai Cinema. Hilo "hai" si la uhai, ni Kiarabu: maana yake mtaa. Lori la maji limefika, na mama mmoja anaita, "We mwanangu, acha mpira, lete madumu!" Kijana anaitika, "Naam, mama." Mpira anaubana kwapani kwanza, kisha anaburuta ndala mpaka kwenye foleni, shingo imegeukia kule walikobaki wenzake. Maji ameleta. Hakugoma wala hakuchapwa. Ndiyo tunasema amekubali shingo upande.

Msichanganye na kushurutishwa, maana anayeshurutishwa hana la kuchagua. Kinyongo nacho ni kingine: hicho hubaki moyoni hata kazi ikiisha. Kijana wetu jioni keshasahau habari ya madumu.

Wakubwa nao wana shingo. Vita vilizuka mjini humo Desemba 2013, kati ya wafuasi wa Rais Salva Kiir na wa Riek Machar, aliyewahi kuwa makamu wake. Tarehe 17 Agosti 2015, Machar alitia sahihi mkataba wa amani Addis Ababa. Kiir akaomba apewe muda. Vitisho vya vikwazo vikazidi. Tarehe 26, Juba, mbele ya Uhuru Kenyatta wa Kenya, Yoweri Museveni wa Uganda na Hailemariam Desalegn wa Ethiopia, Kiir naye akasaini. Lakini papo hapo alitoa orodha ya mambo asiyoyataka ndani ya mkataba, akisema huo si Biblia wala Kurani hata usiguswe. Shingo upande ya wazi kuliko hiyo mtaipata wapi?

Aprili 2016 Machar alirudi Juba, akaapishwa kuwa makamu wa kwanza wa rais. Julai risasi zikalia tena mjini. Mimi siilaumu sahihi ile peke yake, maana hata waliosaini wakicheka hugombana. Ila sahihi ni sahihi, na aliyeiweka shingo upande anadaiwa sawasawa na aliyeiweka kwa furaha.

Basi mkiyatumia maneno haya, yawekeni pamoja na kukubali, kutoa, kwenda au kusamehe. Msiseme "alikula pilau shingo upande," labda pilau yenyewe iwe imeungua.